Nyumba yenye vyumba 506: jumba la ukoo wa Chen huko Shantou, kwa wasafiri wa Mtwara na Lindi

Kwa anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo na akabakiwa na siku mbili kabla ya ndege ya kurudi, hii ndiyo nyumba ya kwenda kuona. Ni makazi ya zamani ya Chen Cihong na ukoo wake, matajiri wa viwanda vya kukoboa mpunga. Iko kijiji cha Qianmei, wilaya ya Chenghai, nje ya mji wa bandari wa Shantou, mashariki mwa jimbo la Guangdong. Eneo lake ni mita za mraba zipatazo 25,400, na kumbi na vyumba vikihesabiwa pamoja ni 506. Wenyeji wanasimulia kuwa kulikuwa na mtumishi ambaye kazi yake ilikuwa madirisha tu: akianza kuyafungua alfajiri, anapomaliza la mwisho muda wa kuanza kuyafunga umeshafika. Hata kama wametia chumvi, ukizunguka nusu saa utaona kwa nini hadithi hiyo haifi.

Anza na pesa iliyoijenga, maana bila hiyo utaona kuta tu. Baba mtu, Chen Huanrong, alikuwa mtu wa majahazi. Mwaka 1851 alifungua Hong Kong nyumba ya biashara iitwayo Kin Tye Lung, ya kuagiza na kusafirisha bidhaa kati ya China na nchi za kusini. Mwanawe Chen Cihong akahamia Bangkok, na mwaka 1871 akaanzisha kampuni ya Wanglee. Hapo ndipo ukoo ulipoingia kwenye mpunga: unashuka kwa mashua kufuata mto Chao Phraya, unakobolewa, unapakiwa melini kwenda Hong Kong, Singapore na Shantou. Walikuwa na meli, vinu, maghala na matawi ya kuuzia, na mwaka 1933 wakawa na benki yao Bangkok. Msomaji wa Newala, Tandahimba au Nachingwea hahitaji kuelezwa zaidi. Aliyejenga vyumba 506 hakuwa mkulima wa mpunga, alikuwa mwenye kinu. Sisi korosho yetu nyingi bado inapanda meli na ganda lake.

Kabla ya meli za mvuke watu wa Chenghai walikwenda Siam (Thailand ya sasa) kwa upepo, kama wazee wa Mikindani na Kilwa walivyongoja kaskazi na kusi. Majahazi yao yalitoka bandari ya Zhanglin, iliyo wilaya hiyohiyo, yakisukumwa na upepo wa kaskazini-mashariki wakati wa baridi, na kurudi na ule wa kusini-magharibi. Vichwa vyake vilipakwa rangi nyekundu kwa sababu serikali ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, ilitaka vyombo vya kila jimbo vitambulike kwa mbali, na Guangdong ilipangiwa nyekundu. Shantou yenyewe ilifunguliwa kwa biashara ya kigeni mwaka 1860, na Zhanglin ikafifia.

Majengo yako mafungu manne. Langzhong Di lilianza kujengwa 1910, Shoukang Li 1920, na Shanju Shi 1922. La nne, Sanlu, ni dogo, lina sura ya Kizungu zaidi na lilikuwa la kusomea. Ukiwa na muda mfupi nenda moja kwa moja Shanju Shi. Ndilo kubwa kuliko yote, vyumba na kumbi 202, na ndilo lililohifadhika vizuri zaidi. Chen Cihong mwenyewe hakuliona; alifariki kabla msingi haujachimbwa, na kazi ikaendelezwa na mwanawe Chen Limei na wajukuu. Hata hao hawakulimaliza. Mafundi walikuwa bado kazini mwaka 1939 Wajapani walipouteka Shantou, baada ya miaka 17 ya ujenzi, na zana zikawekwa chini.

Mpangilio wake watu wa huko wanauita farasi wanne na gari lao. Katikati, kwenye mstari mmoja, kuna kumbi za ukoo zinazofuatana, kila moja na ua mbele yake: hilo ndilo gari. Kulia na kushoto kuna safu ndefu za vyumba vya familia, na nyuma kuna safu nyingine inayofunga mraba. Kati ya kumbi na safu za pembeni yanapita machochoro marefu membamba. Kazi yake ya kwanza ni moto: ukishika safu moja usiruke kwenda ya pili. Kazi ya pili ni hewa. Kichochoro kikiwa chembamba na kirefu jua haligusi sakafu ila saa chache, hewa yake inabaki ya baridi, nayo inavutwa kuingia uani kadiri hewa ya uani inavyopata joto na kupanda. Simama kwenye mdomo wa kichochoro saa sita mchana utausikia upepo huo shingoni, hata siku ambayo nje majani hayatikisiki.

Watu wanapotea humo ndani, na sababu ni moja: wanahesabu milango. Milango inafanana na vyumba vinaingiliana. Shika mstari wa katikati badala yake. Ua mpana na paa lililo juu kuliko mengine ndiyo katikati. Ukiupa mgongo ukumbi wa ndani kabisa, mbele yako ndiko kwa kutokea. Njia nyingine iliyo bora ni kutafuta kwanza ngazi za kwenda juu, kwenye baraza na njia za ghorofani zinazounganisha jengo na jengo. Ukiwa juu unaona nyua zote na migongo ya mapaa, kisha unashuka ukijua ulipo. Vizingiti vya milango ni virefu na kwa mila yao vinarukwa, havikanyagwi. Aliyevaa dera au baibui ashike pindo, na anayesukuma kigari cha mtoto akiache langoni, ataishia kukibeba.

Sasa ukuta, ambao kwa mtu wa pwani ya kusini una thamani kuliko dhahabu yote iliyo mle ndani. Sisi tulichoma matumbawe kupata chokaa. Wao walichoma makombe ya chaza na kombe nyingine za baharini. Chokaa hiyo inachanganywa na mchanga na udongo, inaloweshwa kidogo tu, ikiwa bado inakamatika mkononi bila kuchuruzika, kisha inashindiliwa kati ya mbao mbili tabaka kwa tabaka. Ukitia maji mengi inasinyaa na kupasuka ikikauka. Ukitia machache tabaka hazishikani. Kazi ya kifahari iliongezewa uji wa mchele wa kunata na maji ya sukari guru. Sukari inachelewesha chokaa kuganda, fundi anapata muda wa kuishindilia vizuri, na wanga wa mchele unazifunga chembe zikawa ndogo na zilizobanana. Ukuta wa namna hiyo ukikomaa, msumari ndio unaopinda. Pale lipu ilipobanduka chini ya ukuta, inama uangalie: mara nyingi utaona vipande vyeupe vya kombe ambavyo havikuiva tanurini, kama vile kwenye magofu yetu unavyoona punje za matumbawe.

Mafundi wanaokarabati nyumba kongwe za Mikindani na Lindi mjini waangalie hasa kichwa cha ukuta, pale unapokutana na paa. Ukuta wa chokaa haufi kwa uzee, unakufa kwa maji yanayoingilia juu. Chaoshan, yaani eneo la miji ya Chaozhou na Shantou, ni nchi ya vimbunga, basi kila mstari wa vigae umefunikwa kwa chokaa ukawa kama bomba, na mgongo wa paa umejengwa mzito makusudi ili upepo usipate pa kushika. Nje kwenye mvua wameweka jiwe, ndani pakavu ndiyo mbao. Nguzo za baraza zinazopigwa na mvua ni za jiwe kwa sababu hiyohiyo. Kosa linaloua nyumba zetu ni kupiga lipu ya saruji juu ya chokaa. Saruji haipumui, unyevu na chumvi vinabaki nyuma yake, na ikibanduka inaondoka na ukuta. Ukienda na simu, piga picha za maungio hayo. Picha za geti zimejaa mtandaoni tayari.

Marumaru ndizo zinazopigwa picha kuliko kitu kingine. Ziliagizwa ng'ambo, zimebandikwa ukutani na sakafuni, na rangi zake baada ya takriban miaka mia bado ni kali: bluu, kijani, pinki, maua na mistari. Rangi ya zile za ukutani haijafifia kwa sababu si rangi iliyopakwa juu, imechomwa pamoja na ngozi ya kioo ya marumaru yenyewe. Zinazoharibika ni za sakafuni, kwa kukanyagwa, kwa hiyo tembea na viatu vya soli laini. Tazama jinsi zilivyochanganywa na matao ya Kizungu, vioo vya rangi na mlango wa Kichina wa kawaida. Wengine wanaona ni fujo. Sisi tunaona ni nyumba ya mtu aliyefanya biashara bandari nyingi na hakuona haya kuonyesha.

Juu ya mapaa ya eneo hili kuna kazi nyingine ambayo wageni wengi wanaipita: maua, ndege na mashujaa waliotengenezwa kwa vipande vya bakuli za kaure. Fundi anaikata bakuli ya rangi kwa koleo, kipande kimoja kiwe unyoya, kingine petali, anakipandikiza kwenye chokaa iliyokandwa na karatasi na sukari guru. Kwa nini wasipake rangi tu? Kwa sababu upepo wa chumvi unaila rangi ndani ya miaka michache, lakini kaure hauiwezi. Bila darubini ndogo, au simu yenye lenzi ya kuvuta, hutaona kitu. Viko juu na vidogo.

Kuhusu nakshi za mbao, Mmakonde ataingia pale na jicho kali na ana haki. Uchongaji wa Chaozhou ni wa miti laini kama mkafuri, ambao harufu yake inafukuza wadudu, na baada ya kuchongwa unapakwa laki (vanishi ya utomvu wa mti) na kubandikwa jani la dhahabu. Ufundi wake uko kwenye tabaka: ubao mmoja unatobolewa mpaka kuna watu mbele, miti nyuma yao na nyumba nyuma ya miti, vyote bila kuunganisha kipande. Lakini umechongwa utazamwe upande mmoja, mara nyingi kutoka chini, wakati kinyago cha mpingo kinazungukwa na kinajitegemea kila upande. Dhahabu nayo inaficha mengi. Alama za patasi huzioni. Kwa anayetaka mbao tu, jumba hili halishiki namba moja. Aende mji wa Chaozhou, ulio jirani, kwenye nyumba ya mababu ya Jilue Huang iliyojengwa 1887. Ni ndogo na ndiyo darasa.

Kasoro zipo. Maelezo karibu yote ni ya Kichina. Programu ya kutafsiri kwa kamera inasaidia kwenye mabango yaliyochapwa, ila kwenye maandishi ya kuchongwa juu ya milango inatoa upuuzi, kwa kuwa hayo yameandikwa kwa mitindo ya zamani ya mkono. Usitegemee pia samani: kinachotazamwa hapa ni jengo, na chumba cha arobaini kitafanana na cha kumi. Mwenye watoto wadogo au mzee mwenye magoti mabaya apange saa moja na nusu, asidanganywe na namba 506. Aliye fundi, mchoraji au mpenda nyumba atahitaji nusu siku. Na usiende likizo za Wachina: mwaka mpya wao, siku za mwanzo wa Mei, na wiki ya kwanza ya Oktoba. Machochoro yale yakijaa watu uzuri wake wote unaisha.

Majira yafuate biashara. Maonyesho makubwa ya Guangzhou yanafanyika mara mbili, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Wale ambao pesa yao ni ya minada ya korosho huwa wanaangukia Aprili. Ni sawa, ila beba mwavuli, mvua zinakuwa zimeanza na jiwe la uani linateleza. Julai hadi Septemba ni joto zito na vimbunga, na kimbunga kikitangazwa treni zinafutwa. Oktoba ikishapita wiki ya kwanza, hadi Desemba, ndiyo hali ya hewa bora.

Safari yenyewe si ngumu. Mtwara hadi Dar kwa ndege au basi, Lindi kwa basi, kisha Air Tanzania ina ndege ya Dar hadi Guangzhou. Kutoka Guangzhou panda treni ya mwendo kasi. Muda wake unategemea treni na kituo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, mara mbili. Kosa la kwanza ni kituo cha kuondokea: Guangzhou ina vituo vikubwa kadhaa vilivyo mbali mbali, na tikiti ya Guangzhou Dong (Mashariki) haikusaidii ukiwa Guangzhou Nan (Kusini). La pili ni kituo cha kushukia. Kuna Shantou, kuna Shantou Nan, na kuna Chaoshan, ambayo iko nje ya mji kuelekea Chaozhou. Chaoshan si kosa, unaweza kuchukua gari hadi kijijini kutoka hapo, ila usiwe umeshaweka hoteli katikati ya Shantou ukidhani umefika. Tikiti inakatwa kwa namba ya pasipoti na jina lifanane herufi kwa herufi. Fika kituoni dakika 45 kabla, kuna ukaguzi wa mizigo, na geti linafungwa dakika chache kabla treni kuondoka. Geti la mashine likigoma kusoma pasipoti yako, nenda kwa mhudumu pembeni, usibishane na mashine.

Malipo yatakusumbua kuliko njia. Kijijini mtu anategemea ulipe kwa simu. Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, na ufanye malipo madogo ya kujaribu. Inapokwama, kwa kawaida ni mambo mawili: benki haijafungua kadi kwa malipo ya nje, au namba ya siri ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ya Tanzania ambayo umeizima. Laini iwe na huduma ya nje ya nchi. Faida nyingine ya laini ya nyumbani ni kwamba data yake inakupa WhatsApp, ambayo kwenye intaneti ya hoteli haifunguki. Noti chache za yuan ziwe mfukoni pia.

Kutoka Shantou hadi Qianmei ni chini ya saa moja kwa gari. Ita gari kwa programu, au mwonyeshe dereva maandishi haya: 陈慈黉故居. Herufi ya tatu, 黉, ndiyo inayowachanganya hata Wachina, kwa hiyo usijaribu kulitamka jina kwa kukisia. Gari la kurudi liite jua likiwa bado juu. Ni kijiji, si stendi.

Chakula: Chaoshan inasifika China nzima kwa nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kuchemshwa mezani kwa sekunde chache, na kwa bata bukini wakubwa wa Chenghai waliopikwa kwa sosi ya soya. Kwa Mwislamu tahadhari ni moja: kuwa nyama ni ya ng'ombe hakuifanyi iwe halali, na supu ya tambi za mchele mara nyingi imetokana na nguruwe. Tafuta migahawa ya tambi ya Waislamu wa kaskazini-magharibi, yenye bango la kijani na maandishi ya Kiarabu, na kijijini jitegemee kwa matunda na maji. Chai utakaribishwa kila duka, kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa ya kibarazani, chungu vilevile. Inanyweka ikiwa ya moto na haina sukari, usiombe.

Jambo la kibiashara ambalo wengi hawalijui: Chenghai ndiyo makao ya wanasesere na magari ya plastiki ya China. Kuna kumbi za maonyesho zenye sampuli za viwanda vingi chini ya paa moja, unachagua kwa namba, unanunua kwa katoni, na mzigo unapimwa kwa meta za ujazo. Mwenye duka Masasi anaweza kuchanganya aina nyingi kwenye meta chache. Omba katoni zipelekwe moja kwa moja kwa wakala wako Guangzhou, usizisimamie mwenyewe kwenye treni.

Aliyebakiwa na siku moja tu asijaribu kwenda na kurudi. Abaki Guangzhou, apande metro namba 1 hadi nyumba ya mababu ya ukoo wa Chen, iliyokamilika 1894, iliyo na kumbi na nyua za mpangilio wa karibu. Jina la ukoo ni moja ila si nyumba ya mtu mmoja. Ilijengwa kwa michango ya akina Chen wa wilaya nyingi, na mapambo yake ya paa yanaonekana bila darubini.